Eshu sio shetani, jamani

Kuna hii kitu watu wanaamini sana, eti Eshu, mmoja wa miungu ya Wayoruba kule Nigeria na Benin, ndo shetani wao. Sio kweli, na inaniuma kila nikiisikia. Wayoruba kwenye dini yao ya asili hawana kabisa yule adui mkuu wa Mungu. Eshu ni mjumbe, anabeba sadaka za watu kuzipeleka juu, ndo maana kwenye ibada anapewa fungu lake kwanza, anamwagiwa mafuta ya mawese kwenye jiwe lake njia panda.

Mkanganyiko ulikuja karne ya 19, Biblia ilipotafsiriwa Kiyoruba, kazi iliyoongozwa na Samuel Ajayi Crowther, Myoruba mwenyewe, na neno la ibilisi likawekwa Eshu. Basi likaganda mpaka leo.

Ujanja anao, hilo sikatai. Kuna kile kisa cha marafiki wawili wanalima mashamba yanayopakana, Eshu akapita katikati amevaa kofia, upande huu nyeusi upande ule nyeupe, jioni wakashikana mashati kila mmoja anaapa ameona rangi yake, na wote walikuwa wanasema kweli!

Hata Seth, mungu wa Misri ya kale, ni hivyo hivyo, sio shetani: alimuua mungu mwenzake Osiris sawa, lakini huyo huyo ndo anasimama mbele ya jahazi la Ra, mungu jua, kumchoma mkuki joka Apep, na farao Seti wa Kwanza, baba yake Ramesses wa Pili, jina lake linatokana na huyo Seth.