Mashahidi hawahesabiwi kama kura

Mzee mmoja kutoka Bahi alinionyesha karatasi kwenye korido ya mahakama moja hapa Dodoma. Majina tisa, yote ya majirani zake, kila mmoja tayari kupanda basi aje kusema kwamba wale ng'ombe waliokamatwa ni wa mzee. "Mwanangu, tisa watatosha?"

Nikamuuliza: "Mzee wangu, kati ya hawa, nani amewahi kuwachunga?" Akakaa kimya kidogo. "Mjukuu wangu peke yake."

Hii ndiyo dhana ninayokutana nayo kuliko zote: mwenye mashahidi wengi ndiye mshindi. Si kweli. Sheria ya Ushahidi, Sura ya 6, inasema wazi kwamba hakuna idadi maalumu ya mashahidi inayotakiwa kuthibitisha jambo lolote. Mmoja anayeaminika, aliyeona kwa macho yake, anatosha. Tisa waliosimuliwa hawaongezi kitu, tena wakipishana maneno wanaivuruga kesi iliyokuwa imesimama vizuri. Ila upande wa mashtaka nao haupaswi kumficha shahidi muhimu: ukishindwa kumleta bila sababu ya maana, mahakama inaweza kuona kwamba angekuja angewaharibia. Ndivyo Mahakama ya Rufani ilivyosema katika shauri la Aziz Abdallah dhidi ya Jamhuri (1991).

Kwa kesi za mifugo, ambazo huku kwetu haziishi, kazi kubwa ni utambuzi. Anayedai mali anatakiwa aeleze alama zake kabla hajaonyeshwa. "Ng'ombe mwekundu mwenye pembe" si maelezo. Nenda mnada wa Msalato uone wekundu wenye pembe walivyojaa. Yule mjukuu wa mzee alipofika, alitaja sikio la kushoto lililochanwa ncha, kovu la moto juu ya paja, na pembe ya kulia iliyoinama hadi karibu na jicho. Hayo maneno yanatakiwa yaandikwe polisi mapema, kabla ya kupelekwa zizini kuwaona. Ukianza kuonyeshwa ng'ombe ndipo utaje kovu, mtu yeyote mwenye macho angeweza kulitaja.

"Hakuna PF3, hakuna kesi ya ubakaji." PF3 ni ile fomu ya polisi anayoijaza daktari. Dhana hii inaniumiza, kwa sababu familia zinakata tamaa na kumaliza mambo nyumbani. Katika shauri la Selemani Makumba dhidi ya Jamhuri (2006), Mahakama ya Rufani ilieleza kwamba ushahidi wa kweli wa ubakaji hutoka kwa mwathirika mwenyewe. Mahakama ikimwamini, na ikaandika sababu za kumwamini, inaweza kutia hatiani hata kwa maneno yake pekee. Mtoto wa umri usiozidi miaka 14 naye anasikilizwa: tangu mabadiliko ya 2016 anaweza kutoa ushahidi bila kiapo, mradi kwanza aahidi kusema ukweli na si uongo. Ahadi hiyo lazima ionekane kwenye mwenendo wa kesi, yaani maandishi ya yanayosemwa mahakamani. Hospitali nendeni, tena haraka, kwanza kwa afya ya mwathirika. Lakini PF3 ni maoni ya daktari kuhusu alichokikuta mwilini. Tena fomu hiyo, kama kielelezo kingine chochote cha maandishi, ikipokelewa bila kusomwa kwa sauti mahakamani huondolewa kwenye kumbukumbu. Msimamo huo unajulikana tangu shauri la Robinson Mwanjisi na wenzake (2003).

"Shtaka limeondolewa, basi nimeshinda." Hapana. Jamhuri, yaani upande wa mashtaka, ikiondoa shtaka kabla mshtakiwa hajaitwa kujitetea, anaweza kukamatwa na kushtakiwa upya kwa kosa lilelile.

"Picha ya meseji za WhatsApp haipokelewi." Inaweza kupokelewa, kwa Sheria ya Miamala ya Kielektroniki ya 2015, ila lazima uoneshe ilitoka kwenye simu ipi, ilitunzwaje, na kwamba haikuchezewa. Usiifute simu.

Nimebakiza dhana inayowagharimu wengi wasio na wakili: "Shahidi akidanganya nanyamaza, nitamjibu siku yangu ya kujitetea." Nimeliona hili mara nyingi. Shahidi anamaliza, hakimu anamgeukia mshtakiwa: "Una maswali?" Mshtakiwa anatikisa kichwa, kwa hasira au kwa woga. Hakimu anaandika kwamba hakuna swali. Kwa mujibu wa shauri la Nyerere Nyague dhidi ya Jamhuri, rufaa ya jinai namba 67 ya 2010, asiyemhoji shahidi juu ya jambo fulani anachukuliwa kuwa amelikubali. Siku ya utetezi, au kwenye rufaa, hatakiwi tena kuiomba mahakama isimwamini shahidi huyo kwa jambo hilo.

Maswali ya dodoso, yaani ya kumhoji shahidi wa upande wa pili, hayahitaji Kiingereza. Tangu 2021 Kiswahili ndiyo lugha ya mahakama kisheria, na bibi anayejua Kigogo tu ana haki ya mkalimani. Hayahitaji ukali wala hotuba pia. Shikilia kauli moja usiyoikubali: "Umesema uliniona saa mbili usiku. Ulikuwa umesimama wapi? Taa ilikuwa ipi? Kwenye maelezo yako ya polisi ulinitaja jina?" Akijibu, mwache hakimu aandike, kisha nenda kwenye kauli inayofuata.