Baharia wa akiba ni nani?

Baharia wa akiba ni mtu mwenye kazi yake ya kila siku, mara nyingi kazi ya majini, aliyeahidi kwa maandishi kwamba vita vikizuka ataitika wito wa jeshi la wanamaji. Mwaka mzima yeye ni mvuvi, au mfanyakazi wa meli ya mizigo. Kila baada ya muda anakwenda mafunzoni, anapokea ujira mdogo kwa ajili ya ile ahadi, kisha anarudi kwenye nyavu zake.

Hapa Kigoma ukilitaja neno hilo watu humfikiria mgambo. Hawajakosea sana, maana mgambo naye ni askari wa akiba. Lakini mgambo huanza kufundishwa kutoka sifuri. Baharia wa akiba huchukuliwa kwa sababu ya ujuzi ambao kambi haiwezi kuumaliza kwa miezi michache: kuujua upepo kabla haujafika, kukesha kwenye chombo kinachoyumba, kufunga kamba gizani. Mchukue mvuvi wa dagaa wa Kibirizi. Mwezi ukiwa mpevu taa hazina kazi, anabaki nchi kavu akishona nyavu. Sasa tuseme siku hizo anakwenda bandarini kujifunza kupiga mzinga wa vita, halafu asubuhi moja inamfikia barua: njoo, na siku ya kurudi haijulikani. Mke, watoto na deni la mashine ya boti vyote vinabaki mwaloni.

Uingereza iliunda akiba ya namna hiyo mwaka 1859, ya watu wa meli za biashara na baadaye wavuvi pia. Mwaka 1903 ikaongeza kikosi cha hiari cha raia ambao bahari haikuwa kazi yao. Maofisa wao ungewatofautisha kwa mistari ya cheo kwenye mikono ya koti: ile ya akiba ilisukwa kama kamba, ile ya hiari ilijikunja kama mawimbi.

Vita vya Kwanza vya Dunia vilipoanza mwaka 1914, wengi wao hawakupanda manowari kubwa. Meli za uvuvi zilichukuliwa pamoja na wavuvi wake, zikatumwa kuondoa mabomu yaliyotegwa baharini. Meli mbili zilikwenda sambamba zikikokota waya mrefu kati yao, na yeyote aliyewahi kuvuta kokoro anauelewa mwendo huo, isipokuwa hapa kilichonaswa kiliweza kuipasua meli. Wengine walikosa meli kabisa. Wakapewa bunduki na kupigana nchi kavu, Antwerp huko Ubelgiji mwaka 1914 na Gallipoli huko Uturuki mwaka 1915, wakiwa bado wanahesabiwa kuwa mabaharia.

Na baadhi walifika ziwani kwetu. Wajerumani walilishika Ziwa Tanganyika kwa meli zao zilizokuwa na kituo Kigoma: Hedwig von Wissmann, Kingani, na kuanzia 1915 Graf von Götzen, iliyoletwa kwa reli vipande vipande na kuungwa papa hapa. Ndiyo Liemba tunayoijua. Kuzikabili, Waingereza walituma kikosi kidogo chini ya Geoffrey Spicer-Simson, ambacho wengi wake walitoka kwenye akiba na hiari. Walikuja na boti mbili za futi 40, Mimi na Toutou, zilizosafirishwa kutoka Cape Town kwa reli, zikavutwa kwa matrekta ya mvuke na ng'ombe kuvuka milima ya Mitumba huko Kongo, hadi ng'ambo ya ziwa. Tarehe 26 Desemba 1915 waliiteka Kingani. Februari 1916 Hedwig ikazama. Julai mwaka huo Wajerumani wenyewe waliizamisha Götzen kabla ya kuondoka Kigoma; baadaye ikaibuliwa, ikaitwa Liemba.

Katika safari ile kulikuwa pia na Waafrika wengi waliofyeka njia, wakajenga madaraja na kuvuta kamba. Hawakuwa na ahadi iliyoandikwa wala ujira wa mwaka wa kuisubiri vita. Dhana ya akiba haikuwahusu, ingawa mzigo uliwaangukia wao. Hilo linaniuma kila nikiiona Liemba.

Baharia wa akiba hubaki wa akiba hata vita vikiisha: anaachiwa, anarudi kazini kwake. Kisiwa cha Lewis, kaskazini-magharibi mwa Scotland, ni kisiwa cha wavuvi, na wanaume wengi wa huko walikuwa kwenye akiba hiyo. Usiku wa kuamkia Januari 1, 1919, meli Iolaire ilikuwa ikiwarudisha nyumbani kwa mwaka mpya. Watu waliokuwamo walizidi 280. Karibu na bandari ya Stornoway, gizani, upepo ukivuma, iligonga miamba. Ufuko ulikuwa mita chache tu. Mmoja wao aliogelea na kamba hadi nchi kavu, na wenzake wapatao 40 wakaishika wakaokoka. Waliokufa walikuwa 201. Walikuwa wamevuka vita nzima, na wengi walizama wakiwa bado wamevaa sare, kwenye maji waliyoyavua tangu utotoni.