Kumwomba mtakatifu, au kumwomba akuombee?

Kazi yangu ni kufundisha lugha za Biblia na historia ya kanisa, na hakuna swali linalokuja na hasira kama hili: Mkristo anaruhusiwa kuwaomba watakatifu waliolala wamwombee? Mmoja anatoa Kumbukumbu la Torati 18:11, "awaombaye wafu", basi, kesi imefungwa, na wenzake Wakatoliki na Waorthodoksi wameshakuwa waganga. Jamani, tuisome vizuri hiyo aya.

Shida ni Kiswahili chenyewe. Kuomba kwetu ni neno moja linafanya kazi zote, unamwomba Mungu na unamwomba jirani maji ni lile lile, kwa hiyo ukisikia mtu "anamwomba Maria" kichwani unaona ibada. Lakini isikilize litania, ile sala ya kuitikiana, inavyosaliwa. Akitajwa Bwana, watu wanaitika "utuhurumie". Akitajwa Petro, wanaitika "utuombee". Hiyo -e- ndogo kwenye ombea imebeba theolojia nzima, yaani hawamtaki Petro atoe, wanamtaka aende kwa anayetoa.

Sasa Kiebrania cha ile aya kinatumia darash, maana yake kutafuta, kuulizia habari. Ni neno lile lile la mfalme Sauli kwenye 1 Samweli 28 anapotaka mwanamke mwenye pepo akamwulize, maana Wafilisti wamekuja na Mungu hamjibu, anataka kujua afanyeje. Huko ndiko kupiga ramli kwa wafu na ni haramu kabisa, sina mjadala. Ila kumwambia Petro "utuombee" hujamwulizia kesho yako, hungoji akujibu. Kosa linaweza kuwepo, lakini si kosa hilo.

Mimi ni Mprotestanti, niseme wazi. Na wenzangu wengi hawajui kwamba Walutheri wenyewe, kwenye utetezi wa Ungamo la Augsburg, tamko lao la imani, mwaka 1531, walikubali kwamba watakatifu mbinguni wanaliombea kanisa kwa ujumla. Kwa hiyo ugomvi haujawahi kuwa kama wanaomba. Ugomvi ni je, wananisikia mimi nikiwaita, na nani kaniahidi hivyo? Watu wanakimbilia Ufunuo 5:8, wale wazee 24 wenye vitasa vya dhahabu vilivyojaa manukato, ambayo ni maombi ya watakatifu. Nimeikalia sana hiyo aya. Maombi yako mikononi mwao kweli, ila haisemi yalielekezwa kwao, na wimbo wote unaofuata ni wa Mwana-Kondoo. Kwangu haitoshi. Na 1 Timotheo 2:5, mpatanishi mmoja, peke yake nayo haimalizi kitu kwa sababu mistari minne juu yake Paulo anatuagiza tuombeane, mbona hapo hatusemi tumemvunjia Kristo heshima? Mtaguso wa Trento nao, mkutano mkuu wa maaskofu Wakatoliki, Desemba 1563, ulisema kuwaita watakatifu ni jambo jema na lenye manufaa, maneno ambayo ni laini kuliko watu wa pande zote mbili wanavyodhani.

Lile la kwamba mambo haya aliyaingiza Konstantino, kaisari wa Roma wa karne ya 4, tuliache. Roma, chini ya kanisa la San Sebastiano kwenye Via Appia, kuna ukuta wa karne ya 3, kanisa bado linawindwa, umejaa maandishi ya kukwaruza kwenye plasta, Kilatini na Kigiriki vimepandana, mkono wa mtu wa kawaida tu. Moja linasema Paule ed Petre petite pro Victore. Paulo na Petro, mwombeeni Victor.

Mimi siwaiti, naenda kwa Kristo moja kwa moja, kwa sababu ahadi ya kusikiwa naiona kwake tu na kwao sijaiona. Ila huyo aliyesimama kwenye ukuta ule na kitu chenye ncha mkononi, akimwombea Victor wake asaidiwe, kumwita mwabudu sanamu siwezi, na wanafunzi wangu siwaruhusu wamwite hivyo.