Livery stable: biashara iliyokaa kwenye hori

Livery stable lilikuwa banda la mjini lenye kazi mbili: kukodisha farasi na magari ya kukokotwa, na kuwalaza na kuwalisha farasi wa watu wengine kwa malipo. Katika Marekani ya karne ya 19 hata mji mdogo ulikuwa nalo, mara nyingi karibu na hoteli au stesheni ya treni, maana abiria akishuka bado ana safari ya kufika shambani. Kwetu hakuna neno moja la kulitaja. Si ajabu: sehemu kubwa ya bara la Afrika Mashariki mbung'o hawakumpa farasi nafasi ya kuzoeleka.

Neno livery linatokana na kitenzi cha Kifaransa chenye maana ya kukabidhi. Lilitumika kwa posho ya chakula na nguo ambayo bwana aliwagawia watumishi wake, kisha kwa posho ya farasi. Ndiyo maana linafaa. Mteja alidhani analipia safari, lakini mwenye banda alikuwa anapiga hesabu ya chakula. Farasi hula siku aliyokodiwa, na hula vilevile siku aliyoshinda amesimama.

Farasi mmoja wa kazi alihitaji kwa siku kama kilo 7 za nyasi kavu na kilo 5 za nafaka, hasa oti, akanywa maji lita 30 au zaidi wakati wa joto. Mwenye farasi 20 alipaswa kupata tani 51 za nyasi kwa mwaka. Nyasi hizo hununuliwa kwa bei nafuu wakati wa mavuno, kwa hiyo fedha hutoka miezi mingi kabla ya wateja kuja. Upande wa pili kuna samadi: kilo 15 hadi 25 kwa farasi kila siku. Penye wakulima jirani iliuzwa. Katikati ya jiji ikageuka mzigo wa kulipia watu waiondoe, na majirani wakalalamikia nzi.

Ulishaji ulikuwa na mpangilio. Saisi, yaani mtunza farasi, aliingia kabla ya mapambazuko, akatanguliza maji, kisha nyasi, nafaka ikawa ya mwisho. Tumbo la farasi ni dogo kwa mwili wake na hawezi kutapika. Akimeza oti nyingi kwa pupa, au akivunja mlango wa stoo usiku akajilia mwenyewe, hupatwa na msokoto wa tumbo unaoweza kumuua. Akipona msokoto, kwato zake za mbele zinaweza kuvimba kwa ndani, asitembee sawasawa tena. Kwa hiyo stoo ya nafaka ilifungwa kwa komeo, na ufunguo haukuachwa ovyo.

Mteja aliporudisha farasi, kazi ilikuwa ndiyo kwanza inaanza. Saisi alipapasa kifua kujua kama bado kina moto, akainua kola, ile pete nene ya shingoni ya kukokotea gari, kutazama mabega kama yamechubuka, akashika kila kwato kusikia kama ina joto, akagonga kiatu cha chuma kujua kama msumari umelegea. Farasi aliyeloa jasho alitembezwa polepole hadi apoe, ndipo akapelekwa horini. Na bei ilipangwa kwa kuzingatia mahali anapokwenda mteja, si saa tu, kwa sababu kijana aliyekodi gari Jumapili ili amtembeze mchumba alikuwa na tabia ya kwenda mbali kuliko alivyosema. Mahakama zilimuunga mkono mwenye banda: aliyepita mahali walipokubaliana alibeba hasara ya farasi akiumia huko. Majimbo mengi pia yalimruhusu kumzuia farasi aliyelazwa kwake mpaka mwenyewe alipe deni la malisho.

Ndani, farasi walifungwa katika vyumba vyembamba, mita 1.5 hivi kwa 2.7, kichwa kikielekea hori. Nyasi zilikaa darini zikasukumwa chini kupitia tundu lililo juu ya hori. Mpango huo uliokoa jasho jingi, ila uliweka kuni juu ya vichwa vya farasi. Nyasi zikipandishwa darini zikiwa na unyevu huchacha, hupata joto zenyewe, na zinaweza kuwaka bila hata kiberiti. Mabanda mengine yaliteketezwa na kandili iliyoangushwa.

Kilichotisha zaidi ni kulaza farasi wasiojulikana. Ugonjwa wa glanda, usio na dawa wakati huo, uliambukizwa kwa ndoo na birika la maji la pamoja, na binadamu pia waliupata. Banda makini lilimpa kila mgeni ndoo yake. Mafua ya farasi ya mwaka 1872, yaliyoanzia karibu na Toronto na kuenea karibu Marekani nzima kwa miezi michache, hayakuzuilika kwa ndoo. Farasi wengi hawakufa, ila walikohoa na kushindwa kazi kwa wiki kadhaa, huku wakiendelea kula. Boston ilipowaka moto tarehe 9 Novemba mwaka huo, mashine za zimamoto zilivutwa na watu.

Banda la aina hii lenye jina kubwa kuliko yote ni O.K. Corral la Tombstone, Arizona. Mapambano ya bunduki ya tarehe 26 Oktoba 1881 yalitokea kwenye kiwanja cha karibu, si humo ndani, lakini banda ndilo lililobaki na sifa.

Gari la petroli lilipokuja likawa na sifa ambayo farasi hakuwa nayo: likiegeshwa, halili. Mabanda mengi yaligeuzwa gereji bila taabu, kwa kuwa milango mipana ilikuwepo tayari. Neno nalo halikufa. New York magari ya kukodi yanayoitwa kwa simu bado huitwa livery, ingawa hakuna anayeyapimia oti.