Kwa nini anayesema kwanza ndiye tunayemwona kiongozi?

Methali ya "chema chajiuza, kibaya chajitembeza" inafaa pale Marikiti, sokoni Mombasa, ambako unaweza kuliminya embe na kulinusa kabla ya kutoa pesa. Uwanja wa Tononoka siku ya mkutano wa siasa ni mambo mengine. Mgombea haminywi. Uwezo wake wa kusimamia bajeti, au wa kuleta maji Kisauni, hauonekani kwa macho. Kinachoonekana ni urefu wa msafara, ukubwa wa spika na fulana zilizogawiwa. Kwa hiyo tunakipima kile kinachoonekana, na anayejitembeza ndiye anayenunuliwa.

Mwaka 2009 watafiti wawili wa Chuo Kikuu cha California, Cameron Anderson na Gavin Kilduff, walivipa vikundi vidogo vya watu maswali ya hesabu wayafanye pamoja. Wale wenye tabia ya kujitokeza mbele walihesabiwa na wenzao kuwa ndio mahodari. Kumbe hesabu hawakuwashinda. Walichowashinda ni kusema, na kusema mapema: katika maswali 94 kwa kila 100, kikundi kilichukua jibu la kwanza lililotajwa.

Hayo huhitaji maabara kuyaona. Keti baraza lolote la Mji wa Kale baada ya Isha, kahawa tungu ikizunguka. Hakosekani mmoja anayejibu kabla swali halijaisha, iwe ni la bandari au la mpira. Pembeni yupo mzee aliyefanya kazi bandarini maisha yake yote, kanyamaza na kikombe chake. Kesho watu watamnukuu nani? (Mimi nishawahi kuwa huyo wa kwanza, nakiri.)

Watawala wa pwani walilijua hilo zamani. Kisiwani Pate walikuwa na siwa, baragumu la pembe za ndovu lenye urefu wa zaidi ya mita 2, na likilia kila mtu alijua kuna jambo kubwa. Lakini siwa haikupulizwa ovyo. Ilikuwa na siku zake. Leo kila mwenye simu ana siwa yake, na inalia kutwa kucha.

Kuna upande wa pili, ambao naona ndio mzito zaidi: sifa humfanya nini anayesifiwa? Sisi husema fulani "anajiona", na neno hilo limelenga kuliko tunavyodhani. Mwaka 2006, huko Marekani, Adam Galinsky na wenzake waliwaambia baadhi ya watu wakumbuke siku waliyokuwa na mamlaka juu ya mtu, na wengine wakumbuke siku waliyokuwa chini ya mamlaka ya mtu. Kisha kila mmoja akaambiwa achore herufi E kwenye paji la uso wake. Waliokumbuka mamlaka yao waliichora ielekee kwao wenyewe karibu mara 3 zaidi ya wale wengine. Kwa aliyesimama mbele yao, herufi ilikuwa imegeuka. Ni jaribio dogo, halitoshi kumhukumu mtu, ila mimi huliwaza kila ninaposikia king'ora cha msafara tukisukumwa pembeni ya barabara.

Na hapo wapambe hawajaingia. Kazi yao ni kusifu, na mwenye kuleta habari mbaya hukosa nafasi garini. Bomba likikauka mtaani, habari humfikia mkubwa ikiwa imeshapakwa sukari. Anaamua kwa hizo alizonazo, na huchagua miradi itakayompa sifa nyingine: taa, lango, ukuta wenye picha yake. Mitaro ya maji taka hainufaiki na mapenzi hayo. Iko chini ya ardhi, hakuna anayepiga picha nayo, na hukaguliwa na mvua ya Mei.