Asilimia 35.1 si ya mshahara wako

Tangu Rais Samia atangaze nyongeza ya mshahara pale Singida kwenye Mei Mosi ya 2025, simu yangu haijapoa. Wa kwanza alikuwa mpwa wangu, mwalimu wa sekondari. "Mjomba, shikamoo. 700,000 kwa asilimia 35.1, naongezewa 245,700, sivyo?" Sivyo. Sijaiweka simu chini akapiga mwenzake na hesabu ileile, kisha muuguzi, kisha dereva wa idara. Mimi ni afisa utumishi wa halmashauri kwa miaka mingi sasa, na jambo hili nililieleza mwaka 2022 mpaka sauti ikakauka. Safari hii naliandika, anayeuliza nimtumie asome.

Kilichotangazwa ni kima cha chini cha mshahara wa mtumishi wa umma: kutoka shilingi 370,000 kwenda 500,000, kuanzia Julai 2025. Chukua ile tofauti ya 130,000, igawe kwa 370,000, utaipata 35.1 yako. Hiyo ni asilimia ya mtu wa ngazi ya chini kabisa. Mwaka 2022 ilikuwa hivyohivyo: 300,000 ikawa 370,000, ndiyo ile 23.3.

Wa juu yake nao wanaongezewa, ila si kwa kiwango hicho. Mhudumu akifika 500,000, yule aliyekuwa na 450,000 kwa cheti chake na miaka yake kazini hawezi kuachwa nyuma, kwa hiyo naye anasukumwa. Akisukumwa yeye, wa 520,000 lazima asogee ili wasilingane. Msukumo unapanda hivyo ngazi kwa ngazi ukipungua nguvu, na huku juu unafika ukiwa umechoka. Nyongeza ya mwaka ni kitu kingine, ilirudi 2023. Kupanda daraja nako ni kingine. Tusivichanganye.

Ingekuwa ni hesabu tu ningeshanyamaza. Lakini mwaka 2022 hata walimu wa hisabati walinijia na kosa hilohilo, na wao hawashindwi kugawanya. Kinachowapoteza watu ni sauti ya aliyesema.

Kiongozi mpya husikilizwa kwa masikio yaliyozoea wa kabla yake. Miaka ya Hayati Magufuli tulizoea ukali. Aliingia 2015 na kaulimbiu ya Hapa Kazi Tu, akafuta sherehe za Uhuru mwaka huo na kushika ufagio barabarani. Mei Mosi 2016, Dodoma, alitushushia kiwango cha chini cha PAYE, yaani kodi ya mshahara, kutoka asilimia 11 hadi 9, na baada ya hapo Mei Mosi zikawa zinapita bila nyongeza ya jumla. Wengi waliacha hata kuwasha redio siku hiyo. Kisha Machi 19, 2021 akaapa Samia, mama wa Makunduchi, Zanzibar, ushungi mwekundu, sauti ya chini. Siku tatu baadaye, Dodoma, aliwaambia wenye mashaka kwamba aliyesimama pale ni Rais, mwenye maumbile ya kike. Aprili 6 akaagiza vyombo vya habari vilivyofungiwa vifunguliwe, na kodi isikusanywe kwa mabavu. Wiki tatu hazijatimia, ofisini kwetu watu walishaamua: huyu ni mama, na mama hamnyimi mtoto.

Sasa sikiliza alichosema hasa. Mei Mosi yake ya kwanza, Mwanza 2021, jibu la mishahara lilikuwa hapana. Ukuaji wa uchumi ulikuwa umeshuka kutoka asilimia 6.9 hadi 4.7, akaomba asubiriwe hadi mwaka unaofuata. Akapunguza PAYE kutoka 9 hadi 8. Punguzo hilo, likifika mwisho wake, ni shilingi 2,500 kwa mwezi, kwa sababu kiwango hicho kinagusa tu kipande cha kati ya 270,000 na 520,000. Kwetu hakuna aliyenuna! Maneno yaleyale yangetoka kwa ukali, chai ya saa nne isingenyweka. Mwaka uliofuata, Dodoma, akasema lile jambo letu lipo, yaani nyongeza. Halikuwa na kiwango, halikuwa na ngazi, lakini lilisemwa kwa upole, na kila mtu akalijaza kwa kiasi cha shida yake: ada, kodi ya nyumba, deni la duka. Taarifa ya Ikulu ilipotoka wiki mbili baadaye ilitaja kima cha chini waziwazi. Huko mitandaoni maneno hayo matatu yakadondoka njiani, ikabaki 23.3 peke yake.

Julai 2022, wiki ya mshahara, foleni ilikuwa mlangoni kwangu tangu saa moja na nusu asubuhi. Mwalimu mmoja wa shule ya msingi, amebakiza miaka miwili kustaafu, alitoa kwenye mkoba karatasi ya daftari. Kwa kalamu nyekundu, ileile ya kusahihishia, alikuwa ameandika mshahara wake, akatafuta asilimia 23.3 na kulipigia jibu mistari miwili. Chini yake: mabati 38, misumari kilo 4. Mabati alikuwa ameshayachukua dukani kwa ahadi ya kulipa mshahara ukitoka. Nyongeza iliyokuja haikufika robo ya lile jibu. Hakupandisha sauti. "Mwanangu, Mama mwenyewe alisema. Na alisema taratibu, kama mtu mwenye hakika." Nikamwonyesha taarifa, nikaweka kidole kwenye kima cha chini. Akasoma mara mbili, akavua miwani. "Hili sikulisikia."

Tangu siku hiyo sikubali mtu aseme mbele yangu kwamba Rais aliwadanganya, wala sikubali aseme kwamba watumishi hawajui kusoma. Mwalimu yule amefundisha watoto kusoma kwa zaidi ya miaka 30.

Nina mashaka yangu pia. Siku watu walipoanza kuniuliza mwaka ule sikuwa na jedwali la ngazi zote mkononi. Wengi waliona tarakimu zao kwenye hati ya mshahara kabla sijaweza kuwaeleza. Afisa akinyamaza kwa kukosa majibu, uvumi unajibu badala yake. Na upandishaji huu wa kutokea chini nauunga mkono kwa moyo wote nikimtazama mhudumu wa ofisi, ila mwalimu mwenye shahada na miaka 15 kazini akiniuliza kwa nini pengo kati yake na anayeanza linazidi kufinywa, sina jibu linaloniridhisha mimi mwenyewe. Halafu kuna hili la kutaja asilimia uwanjani. Mwenye nyumba naye ana redio, na kodi yake haingojei Julai.

Turudi kwa mpwa wangu. Tuseme, kwa mfano tu, aongezewe 50,000 kwenye ile 700,000. PSSSF, mfuko wetu wa pensheni, asilimia 5, imekwenda 2,500. Bima, NHIF asilimia 3, ni 1,500. Chama cha wafanyakazi asilimia 2, ni 1,000. Bodi ya Mikopo, kwa deni lake la chuo, inachukua asilimia 15, yaani 7,500. Inayobaki baada ya kutoa PSSSF ni 47,500, na kwa mshahara wake inakatwa PAYE ya asilimia 20, hiyo ni 9,500. Jumla ya makato 22,000. Mkononi inaingia 28,000. Yeye alikuwa anasubiri 245,700.

Jana usiku akanipigia tena: benki wamemwambia anaweza kuongeza mkopo kuanzia Juni, kwa kuwa mshahara unapanda. Nimemkataza kusaini. Theluthi ya mshahara wake lazima ibaki bila kukatwa, na theluthi hiyo hupimwa kwa mshahara alionao, wala si kwa ule anaoutarajia. Nimemwambia angoje hati ya Julai, aje nayo nyumbani Jumamosi, shangazi yake atapika, tutaisoma mstari kwa mstari.