Miaka 17 ya mhandisi

Mzazi mmoja alinipigia simu akiwa na wasiwasi. Binti yake amepata nafasi ya kusoma uhandisi wa ujenzi Nairobi, miaka mitano. Mpwa wake anasoma fani hiyohiyo Dar es Salaam, miaka minne. "Sasa Mwalimu, huyu wa Dar si atakuwa mhandisi nusu?"

Tukahesabu palepale kwenye simu, kuanzia darasa la kwanza. Kwa mfumo wa 8-4-4, Mkenya husoma miaka minane ya msingi, minne ya sekondari, halafu mitano ya chuo: 17. Mtanzania ana saba ya msingi, minne hadi kidato cha nne, miwili ya kidato cha tano na sita, kisha minne ya chuo: 17. Uganda nako ni hivyohivyo. Kilichohama ni mahali pa kusomea hesabu na fizikia za juu. Mmoja anazisomea kidato cha tano na sita, mwenzake anakutana nazo mwaka wa kwanza chuoni.

Mzazi alipumua. Lakini hesabu hiyo ya vidole ndiyo inayowakalisha viongozi wa vyuo vikuu meza moja, na wananchi wengi hawajui kwamba kikao cha namna hiyo kipo.

Zamani swali lake lisingekuwepo. Chuo Kikuu cha Afrika Mashariki, kilichodumu kuanzia 1963 hadi 1970, kiligawana kazi: Dar es Salaam ilishika sheria, Makerere udaktari, Nairobi uhandisi. Kijana wa Mwanza au wa Gulu aliyetaka kuwa mhandisi alifunga safari kwenda Nairobi, kwenye karakana za iliyokuwa Royal Technical College, chuo kilichofunguliwa 1956. Ushirika huo ulipovunjika, kila nchi ikajijengea yake. Makerere ilianzisha kitivo cha teknolojia mwaka huohuo wa 1970, na Dar es Salaam kitivo cha uhandisi 1973 kwa msaada mkubwa wa Ujerumani Magharibi. Tulipata wahandisi wengi zaidi, hilo halina ubishi. Ila mitaala ilianza kushika njia kila mmoja ya kwake, na tangu hapo tunahangaika kuunganisha kwa makaratasi kile kilichokuwa chini ya paa moja.

Karatasi kubwa kuliko zote ilisainiwa Desemba 2012, pale bodi za usajili wa wahandisi za Kenya, Tanzania na Uganda zilipokubaliana kutambuana. Rwanda ilijiunga baadaye. Shabaha ni kwamba mhandisi mtaalamu aliyesajiliwa nchi moja asianze upya akivuka mpaka. Waliosaini ni bodi, si vyuo. Lakini bodi haiwezi kumsajili mtu ambaye shahada yake ina mashaka, na shahada hutoka kwa amidi, yaani mkuu wa kitivo au skuli chuoni. Chuo kimoja kikilegea, ulegevu huo sasa una pasi ya kusafiria. Ndiyo maana Baraza la Vyuo Vikuu la Afrika Mashariki, lenye makao yake Kampala, limetumia miaka mingi kuwanoa maofisa wa ubora wa vyuo na kuwafundisha kukaguana wao kwa wao.

Niseme kidogo kuhusu vyeo, maana vinachanganya. Kwenye Chuo Kikuu cha Dar es Salaam ndaki (kwa Kiingereza college) inaongozwa na rasi, na skuli inaongozwa na amidi. Juu yao yuko Makamu Mkuu wa Chuo, ambaye licha ya neno "makamu" ndiye mtendaji mwenyewe. Mkuu wa Chuo tunamwona zaidi siku ya mahafali, ndani ya joho zito na jua la mchana. Makamu Wakuu ndio husaini hati za makubaliano na kupiga picha. Nimeshuhudia hati nyingi zikiishia kabatini. Zilizoishi ni zile ambazo, wiki mbili baada ya picha, rasi wawili walipigiana simu kuhusu jambo dogo: nani atakuja kutahini, mashine ya nani itatumika.

Mtahini wa nje ni mhadhiri wa chuo kingine anayekuja mwishoni mwa mwaka kupitia mitihani na usahihishaji. Anapewa chumba, chupa ya chai na marundo ya karatasi za majibu. Nimeifanya kazi hiyo. Katika chuo kimoja nilikuta swali la boriti limerudi miaka mitatu mfululizo: mita sita, nguzo mbili za kuibeba miishoni, mzigo uleule. Karibu darasa zima lilipata alama zote. Nikaomba kuonana na wanafunzi watatu, nikawachorea boriti ileile, ila nguzo moja nikaisogeza ndani mita moja na nusu. Wawili walikwama hapohapo, kalamu mkononi. Amidi alinuna, na chakula cha mchana tulikula kimya. Mwaka uliofuata nikakuta maswali yote yamepitiwa na wahadhiri wa chuo jirani kabla ya kuchapwa.

Gharama ya ziara kama hiyo ni nauli, malazi na posho. Bajeti ikibanwa, hicho ndicho kifungu cha kwanza kukatwa. Naliona ni kosa kubwa.

Vifaa navyo vinadai ujirani. Zege hupimwa kwa kipande cha mchemraba, sentimita 15 kila upande, kilicholowekwa kwenye maji hadi kifikishe siku 28, kisha kikabanwa na mashine mpaka kipasuke. Zege la nguvu ya 25, yaani nyutoni 25 kwa kila milimita moja ya mraba, linatakiwa kuvumilia zaidi ya kilonyutoni 560 kabla ya kushindwa, sawa na uzito wa tani 57 hivi. Mwanafunzi aliyesikia mlio ule wa kupasuka hausahau. Aliyeuona kwenye picha ya darasani anaandika jibu sahihi, kisha siku ya kwanza saiti anashindwa kumkatalia fundi anayezidisha maji. Vyuo viwili vya mji mmoja havina sababu ya kushindwa kutumia mashine moja nzima, badala ya kila kimoja kumiliki yake mbovu. Mpango mmoja wa Royal Academy of Engineering ya Uingereza, ulioanza 2016, unafuata njia hiyo: chuo kimoja kinakuwa kitovu, vingine na viwanda vinakizunguka.

Duniani kuna mkataba wa kutambuana shahada za uhandisi unaoitwa Washington Accord, ulioanza 1989 na nchi sita. Afrika Kusini iliingia 1999, ya kwanza barani. Maamidi nao wana baraza lao la kimataifa, GEDC, tangu 2008. Fundisho kuu la Washington Accord kwetu ni kubadili swali. Chuo hakiulizwi tena kimefundisha saa ngapi. Kinaulizwa mhitimu wake anaweza kufanya nini. Boriti yangu ilikuwa inauliza hilohilo.

Na ile hesabu ya 17 sasa inavurugika. Kenya inaiacha 8-4-4, na mfumo mpya wa umilisi, yaani wa kupima uwezo wa kutenda, una miaka sita, mitatu na mitatu kabla ya chuo. Jumla bado ni 12, ila katika mitatu ya mwisho mwanafunzi anachagua mkondo, sayansi na teknolojia ukiwemo. Tanzania, kwa sera ya elimu toleo la 2023, inapunguza shule ya msingi hadi miaka sita. Kozi ya uhandisi ikibaki miaka minne, Mtanzania atafika 16. Maamidi wa pande zote mbili watalazimika kufungua mitaala mada kwa mada na kuonyeshana: vekta ziko wapi, kalkulasi inaanzia wapi, na ule mwaka uliopungua ulikuwa umebeba nini.